Kuuliza Kabla ya Kuchimba

Akiolojia ni elimu ya kumjua mwanadamu kwa vitu alivyoviacha. Mwanahistoria husoma barua na vitabu. Mwanaakiolojia husoma majivu, mifupa, vigae na mawe yaliyochongwa. Kwa sababu hiyo elimu hii ina heshima kubwa katika nchi kama yetu, ambayo sehemu kubwa ya maisha yake ya zamani haikuandikwa katika karatasi. Walakini kila elimu ina adabu zake, na adabu za elimu hii hazifundishwi zote darasani. Nyingine hufundishwa na mahali. Katika makala haya napenda kueleza jinsi Songea inavyomfundisha mwanafunzi wa akiolojia jambo ambalo hana budi kulijua kabla hajashika mwiko.

Kwa muda mrefu uchimbaji wa mambo ya kale katika nchi yetu uliongozwa na wageni. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1950 na 1960. Wenyeji walishika majembe na kubeba udongo, na aghalabu majina yao hayakufika katika majalada ya vitabu. Mambo yalianza kugeuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Tangu hapo kijana wa nchi hii aliweza kuichimba nchi yake kwa swali lake mwenyewe.

Kijana huyo aingiapo somo hili huja na ndoto ya dhahabu na mafuvu. Kazi ya uwandani humwondolea ndoto hiyo upesi. Hupima mraba wa mita chache kwa kamba na vigingi. Huondoa udongo kwa mwiko, tabaka baada ya tabaka. Kila ndoo huipitisha katika chekeche, na kila kigae hukitia katika mfuko ulioandikwa namba, tarehe na kina. Mgongo huuma, jua huchoma, na jioni mavuno ni vigae vichache na kipande cha mavi ya chuma. Hapo wengine hukata tamaa. Wanaovumilia hutambua mambo mawili. La kwanza, kigae kilichookotwa ovyo kina habari za chungu peke yake, lakini kigae kilichoandikwa vema kina habari za jiko, za nyumba na za mpishi. La pili ni zito zaidi: mahali pakisha kuchimbwa hapachimbwi tena. Mwanaakiolojia husoma kitabu huku akizichana kurasa zake. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo hana ruhusa ya kuwa na pupa.

Sasa tumfikirie mwanafunzi huyo akifika Songea. Mji huu umechukua jina la nduna Songea Mbano wa Wangoni wa Njelu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa baadhi ya makundi yao yakafika nchi hii, yakasimamisha falme mbili, Njelu na Mshope. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao hapa. Vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi mwezi wa Julai 1905, habari za dawa ya maji zilifika Ungoni baada ya muda mfupi, na Wangoni wakaingia vitani. Walishindwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wao kadha wa kadha, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, na maiti zao zikatiwa katika kaburi moja. Nduna Songea alinyongwa pia, akazikwa peke yake. Hesabu inayotajwa mjini ni mashujaa 67. Baada ya kamba ikaja njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto ili watu wakose chakula. Mahali pa makaburi hayo pana Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka wafu wao.

Wanafunzi wa kwanza waliokuja kuuliza habari za vita hivi kwa utaratibu wa chuo kikuu hawakuja na majembe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Gilbert Gwassa na John Iliffe, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa kwenda makwao kukaa na wazee na kuandika maneno yao. Waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa bado wamo duniani, wengine macho yamefifia lakini kumbukumbu zi hai. Katika kazi hiyo kilipatikana kijitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita vya Majimaji katika Ungoni, kilichopigwa chapa mwaka 1969. Fikiri, msomaji, tofauti ya hali hiyo na hali ya boma. Katika majalada ya Wajerumani Mngoni ni mwasi anayehesabiwa. Katika daftari la mwanafunzi alikuwa babu anayesema, na mjukuu alilazimika kuketi chini, kuamkia, kungoja na kusikiliza.

Wazee wale wamekwisha kufa. Masimulizi yamebaki kwa watoto na wajukuu, nayo hupungua na kuongezeka kama ilivyo desturi ya maneno yanayopita vinywani mwa wengi. Ndipo zamu ya akiolojia ilipofika. Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza upya habari ya vita katika Ungoni kwa kuchanganya masimulizi na ushahidi wa ardhi, na maandishi yake yalitokea mwaka 2010 katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson. Nancy Rushohora naye ameyafanya mabaki ya Majimaji ya kusini kuwa kazi yake ya kitaalamu. Njia yao ina manufaa yaliyo wazi. Mzee huonyesha mahali ambapo macho ya mgeni yangeona kichaka tu. Ardhi nayo huweza kujibu kwa ganda la risasi, udongo wa ukuta ulioungua au ghala lililogeuka majivu. Wakati mwingine hukataa, na simulizi hurudishwa kwa wenyewe ili lipimwe tena. Wakati mwingine ardhi hukaa kimya, kwa maana njaa iliyoua watu wengi haiachi ganda wala upanga. Mwanafunzi asiyejua hayo atadhani kwamba kisichoonekana katika chekeche hakikutokea.

Liko swali jingine lililo gumu kuliko hayo. Je, kaburi la mashujaa lichimbwe? Elimu ingeweza kufaidika. Ingejulikana hesabu kamili ya waliozikwa, umri wao na majeraha yao. Na juu ya Nduna Songea kuna jambo linalowauma watu wake hata leo: inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na kwamba aliyelala kaburini ni kiwiliwili. Mwiko wa mwanaakiolojia ungeweza kulithibitisha neno hilo kwa siku chache.

Lakini na tukumbuke ni nani waliovichukua vichwa. Waliochukua walikuwa askari na maofisa, na waliopokea walikuwa wataalamu waliopima mafuvu na kuyatia namba kwa jina la elimu. Mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yalihifadhiwa Berlin, na takriban 200 kati yake yanatoka Tanzania. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, akaonana na jamaa za Nduna Songea, akaomba msamaha, akaahidi kwamba juhudi itafanywa kukitafuta kichwa hicho. Elimu iliyotia mafuvu namba bila kuuliza ni jamaa ya karibu ya elimu ambayo mwanafunzi wetu anajifunza. Zana zao zinafanana, na madaftari yao yanafanana. Kinachoweza kuzitenga ni ruhusa ya mwenye mfu.

Wako watakaosema kwamba ukweli haungoji ruhusa, na kwamba ukoo hauna haki ya kuifungia elimu mlango. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo waliokufa hawana wa kuwalilia. Songea hali si hiyo. Wajukuu wapo, majina yapo, na matambiko yapo. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Ikiwa siku moja wajukuu wenyewe watataka kaburi lifunguliwe ili wajue nini kimepotea na nini wadai, hapo mwanaakiolojia atakuwa mtumishi wao, na ujuzi wake utakuwa na heshima. Kabla ya siku hiyo kazi yake ni kungoja, na kungoja huko ni sehemu ya somo.

Kazi nyingine haikosekani. Yapo mahame ya vijiji vilivyochomwa, mapango yanayotajwa kuwa maficho ya wapiganaji, na mabaki ya wafua chuma waliokaa nchi hii kabla Wangoni hawajafika. Mwanafunzi ana maisha mazima ya kuchimba bila kugusa kaburi hata moja. Atakapofika mlangoni kwa mzee, aliache begi lake nje, apige hodi, aamkie, aseme jina lake na jina la babaye, kisha aulize. Akijibiwa hapana, aliandike neno hilo katika daftari pamoja na tarehe, kama anavyoandika kigae.