Nani aliamua umbo la monita yako?

Leo tuongee kuhusu namba ambayo wauzaji wengi wa monita hawaitaji. Ukiingia dukani utaambiwa inchi tu: 17, 19, 22. Inchi hizo hupimwa kona hadi kona, kwa hivyo hazisemi lolote kuhusu umbo la skrini. Umbo hilo linagusa pesa zako, na lina historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe.

Tuanzie Marekani, katika maabara ya Thomas Edison, mwanzoni mwa miaka ya 1890. William Dickson, aliyekuwa mfanyakazi wake, alichukua filamu ya milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya pembeni. Picha ikawa na upana wa 4 kwa kimo cha 3. Sinema ikauzoea uwiano huo, televisheni ikaurithi, kisha kompyuta nazo zikaupokea kwa sababu zilitumia vioo vya aina ileile, vile vyenye mgongo mkubwa. IBM ilitoa VGA mwaka 1987 ikiwa na pikseli 640 kwa 480. Gawanya uone: 4:3. Chukua 800 kwa 600 au 1024 kwa 768, jibu ni lilelile. (Iliyoasi ni 1280 kwa 1024, ambayo ni 5:4. Ndiyo zile monita za karibu mraba zilizojaa kwenye saiba zetu, nyingi zikiwa ex-UK.)

Sinema ilikuwa imeshahama. Miaka ya 1950 ilipanua picha ili iwape watu kitu ambacho televisheni ya sebuleni haikuwa nacho. Basi miaka ya 1980, televisheni ya HD ilipokuwa ikipangwa, swali likawa: skrini moja itabebaje 4:3 ya zamani na sinema pana za 2.35? Mhandisi Kerns Powers alichora mistatili ya kila uwiano uliokuwa ukitumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga kwenye kitovu kimoja. Mstatili wa nje unaoifunika yote, na ule wa ndani ulio ndani ya yote, ilikuwa na uwiano mmoja: karibu 1.77. Wapenda hesabu, tafuteni kipeuo cha pili cha 1.33 mara 2.35. Hiyo ndiyo 16:9. Hesabu tamu kweli, ila humo ndani hakuna mtu anayesoma barua wala kuandika programu.

Watengenezaji wa kompyuta kwanza walichagua 16:10, kama 1280 kwa 800 na 1920 kwa 1200. Kuanzia mwaka 2008 hivi wakageukia 16:9. Sababu kubwa ni ya kiwandani: paneli za LCD hukatwa kutoka bamba kubwa la kioo, na ni nafuu kukata umbo moja linalofaa televisheni na kompyuta pia.

Sasa pima. Monita ya inchi 19 ya 5:4 ina kimo cha inchi 11.9. Inchi 19 hizohizo kwa 16:9 zina kimo cha 9.3, na eneo lote limepungua kwa asilimia 12 hivi. Namba kwenye boksi haikubadilika! Aliyetoka 1280 kwa 1024 akaenda 1366 kwa 768 alipoteza pikseli 256 za kimo. Kama kila mstari wa kodi unachukua pikseli 16, hiyo ni mistari 16 imetoweka.

Kwenye laptopu mambo yamerudi nyuma kidogo: Chromebook Pixel ya 2013 na Surface Pro 3 ya 2014 zilikuja na 3:2, na Dell XPS 13 ya 2020 ikarudi 16:10. Monita za mezani nyingi bado ni 16:9. Kama kazi yako ni maandishi, mimi ningetafuta inchi 24 ya 1920 kwa 1200, hata iliyotumika, au 16:9 yenye stendi inayoruhusu kuisimamisha wima. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 ningeiacha: ni pikseli 82 tu kwa kila inchi, na herufi zinaonyesha ngazi. Inchi hizo zifae 2560 kwa 1440.

Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe, fungua Paint, shika Shift uchore duara. Likitoka yai, kompyuta inatuma uwiano mwingine na monita inauvuta ujaze kioo.