Fruity

Kwenye studio za uswahilini bado utasikia prodyuza akisema "nimeipiga kwa Fruity", ingawa Image-Line ya Ubelgiji ililiacha jina FruityLoops mwaka 2003 na kuiita programu yake FL Studio. Jina la zamani limebaki kwenye toleo la bei ya chini, Fruity Edition, na hapo ndipo mnunuzi hunasa. Biti utapanga, ngoma na kinanda vitakaa sawa. Ukichomeka maikrofoni uingize sauti, toleo hilo halirekodi. Mwimbaji anahitaji Producer Edition. Mimi, kwa studio ya chumbani, ningechukua programu nyingine, Reaper: sura haivutii, lakini leseni ya mtumiaji mdogo ni dola 60, na inarekodi tangu siku ya kwanza ya majaribio.