Mbolea zaidi si dawa ya kila jani la manjano
Katika maeneo makavu kama Marungu, Voi, mvua haba haitoshi kuosha chumvi ambayo maji ya visima na mbolea huacha udongoni. Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kunywa maji na kingo za majani hukauka.

Mboga nyingi hustawi katika udongo wenye pH ya 6 hadi 7. Ikipita 7.5, madini ya chuma huwa adimu kwa mmea: majani machanga hugeuka manjano, mishipa yake ikibaki kijani. Hapo kuongeza mbolea ni hasara, na majivu huzidisha alkali.

Mkulima apime udongo kwanza, atumie samadi iliyooza, na mbolea ya dukani aitie kidogo kidogo, kisha amwagilie maji ya kutosha.