Ahadi ya Janette Carter

Mara nyingi twasikia watu wakisema: nyimbo za wazee zimeuawa na redio na santuri. Tuangalie habari za jamaa moja ya Marekani, tupate kupima neno hilo.

Katika jimbo la Virginia, kwenye milima ya Appalachia, waliishi A. P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle. Maybelle alikuwa binamu wa Sara, naye aliolewa na ndugu ya A. P. Mwezi wa Agosti 1927 walikwenda mji wa Bristol, kwani Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa akitafuta waimbaji. Sara alimchukua Joe, mtoto wa kunyonya. Maybelle alikuwa na miaka 18, tena mja mzito. Kwa siku mbili waliimba nyimbo sita, na santuri zao zikaenea.

Nyimbo zao hawakuzitunga zote wao wenyewe. A. P. alizunguka vijijini kuzikusanya, na mara nyingi alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitari mweusi. A. P. aliandika maneno, Riddle alishika sauti kichwani. Lakini sifa ilikwenda kwa jina la Carter peke yake. Hata banjo, inayopendwa sana milimani kule, asili yake ni Afrika: ujuzi wake ulivuka bahari pamoja na watumwa. Basi tusisahau kwamba urithi wa jamaa moja ni kazi ya mikono mingi.

Baadaye ndoa ya A. P. na Sara ilivunjika, na mwaka wa 1943 waimbaji wakatawanyika. Wapigaji wa bluegrass, muziki wa Bill Monroe wa Kentucky, walizichukua nyimbo zao nyingi, lakini A. P. mwenyewe alirudi bondeni kwao, akafungua duka dogo. Alikufa mwaka wa 1960. Kabla ya kufa alimwomba binti yake Janette aendeleze kazi yake, naye akaahidi.

Kuahidi ni rahisi, kutimiza ni kazi. Miaka ilipita. Ndipo mwaka wa 1974 Janette alipoanza kukusanya watu katika lile duka la baba yake, wasikilize nyimbo za zamani. Nafasi haikutosha, mwaka wa 1976 Joe, yule aliyekuwa mtoto wa kunyonya, alijenga nyumba kubwa kando yake. Kila Jumamosi watu walikuja kusikiliza na kucheza, na magitari ya umeme hayakuruhusiwa. Joe alikufa mwaka wa 2005, Janette mwaka wa 2006, na binti ya Janette akaipokea kazi.

Basi, si santuri iliyotaka kuua nyimbo zile, santuri ilizitunza. Wimbo hufa pale ambapo mzee anaimba na hakuna mtoto anayekaa karibu naye. Sisi je, tumekaa karibu na nani?