Mtakatifu Dominic Savio: Kijana Aliyeikataa Dhambi kwa Furaha

Katika jubilei hii ya kwaya yetu tumeona vyema kumkumbuka kijana anayeheshimiwa katika Kanisa kama msimamizi wa watoto wanaoimba kanisani. Hakufikisha hata miaka 15, lakini alituachia mafundisho mazito kuhusu kuepuka dhambi.

Dominic Savio alizaliwa tarehe 2 Aprili 1842 huko San Giovanni di Riva, karibu na Chieri, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Carlo, alikuwa mhunzi, na mama yake, Brigida, alikuwa mshonaji. Siku hizo watoto wengi walisubiri hadi umri wa miaka 12 hivi ndipo wapokee Komunyo ya Kwanza. Dominic aliruhusiwa akiwa na miaka 7, mwaka 1849. Aliweka maazimio manne: kuungama na kukomunika mara kwa mara, kuzitakasa sikukuu, kuwafanya Yesu na Maria rafiki zake, na kuwa radhi kufa kuliko kutenda dhambi.

Azimio hilo la mwisho lilijaribiwa shuleni. Siku moja wanafunzi wenzake walijaza theluji na mawe katika jiko la kupasha darasa joto, kisha wakamsingizia yeye. Mwalimu alimkaripia vikali, naye akanyamaza. Ukweli ulipojulikana, alieleza kwamba alijua mkosaji angefukuzwa shule, na kwamba Bwana wetu naye alisingiziwa.

Mwezi Oktoba 1854 alikutana na Padre Yohane Bosco, ambaye wengi tunamwita Don Bosco, akaenda kuishi katika nyumba yake ya vijana mjini Torino. Mtoto huyu wa mshonaji alimwambia padre kwamba yeye ni kitambaa na padre ni fundi, basi amshonee Bwana vazi zuri.

Baada ya kusikia mahubiri juu ya utakatifu, Dominic alianza kujitesa. Alitandaza vipande vya mbao na mawe kitandani, na usiku wa baridi kali akajifunika shuka nyepesi. Don Bosco alimkataza. Alimwelekeza kwenye njia nyingine: kuwa na furaha, kutimiza wajibu wa kila siku wa sala na masomo, na kuwasaidia wenzake. Hapa ndipo penye fundisho lenyewe. Anayejaza siku yake kwa mema huipunguzia dhambi nafasi.

Hata hivyo, furaha yake haikuwa ulegevu. Wavulana walipokusanyika kutazama gazeti lenye picha chafu, alilichukua akalichana. Walidai kwamba walikuwa wakicheka tu, naye hakukubali udhuru huo. Wawili walipogombana na kukubaliana kupigana kwa mawe, alisimama katikati yao akiinua msalaba mdogo, akawataka wamrushie yeye jiwe la kwanza. Waliyaangusha mawe yao. Na mwezi Juni 1856, yeye na wenzake walianzisha chama cha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ili wasaidiane kuishi vyema.

Afya yake ilidhoofika, akarudishwa nyumbani. Alifariki Mondonio tarehe 9 Machi 1857. Don Bosco mwenyewe aliandika maisha yake, na Papa Pio XII akamtangaza mtakatifu tarehe 12 Juni 1954. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 6 Mei. Wasalesiani, wana wa Don Bosco, wanafanya kazi hapa Kenya pia, na wengi wanalijua kanisa lao la Upper Hill, Nairobi.

Kwetu waimbaji, historia hii iko karibu sana. Soprano, alto, teno na besi wanaweza kupatana katika wimbo huku mioyo yao haisalimiani. Mawe ya siku hizi ni maneno: nani amepewa kuimba peke yake, nani amechelewa kutoa mchango wa sare, nani amesema nini baada ya mazoezi. Lile gazeti nalo sasa limo ndani ya simu, na udhuru ni ule ule wa kucheka tu. Dominic anatufundisha kuchukua hatua mapema: kufuta kabla ya kusambaza, kusimama katikati kabla jiwe halijarushwa, na kukimbilia kitubio kabla moyo haujazoea.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaya hudumu miaka mingi pale wanachama wake wanapoziba nyufa zikiwa bado ndogo, kwa kuombana msamaha kabla ya kupanda kuimba. Hilo ndilo tunaloliombea kundi letu, wakubwa kwa wadogo, kwa miaka ijayo.

Mtakatifu Dominic Savio, utuombee.