Mlango wa Uwakili

Hapa Timboni, kabla hujafika Watamu yenyewe, watu wananiita wakili. Mimi si wakili. Nilisoma sheria mwaka mmoja na nusu, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani na begi la nguo na vitabu viwili. Chuo nilikiacha, jina likanifuata.

Mwaka jana mzee mmoja jirani alinijia na bahasha iliyokunjwa mara nne. "Wakili, hebu nisomee, mwanangu. Hii barua imeletwa na pikipiki."

Haikuwa barua. Ilikuwa hati ya kuitwa mahakamani Malindi, kesi ya ardhi, kurasa sita za Kiingereza kitupu. Shamba alilozaliwa, na ambamo babake amezikwa, lina mtu mwingine mwenye hatimiliki. Siku za kujibu zilikuwa zimebaki nne. Nilimweleza nilichoelewa. Akaniuliza, "Sasa si uniandikie jibu?" Nikamwambia siruhusiwi, baba. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati kama hizo kwa malipo. Akacheka. "Basi mimi sikulipi."

Nami nikacheka, lakini nilikuwa naogopa. Hata bure, nikikosea neno moja, shamba limekwenda.

Tangu siku hiyo nina swali moja. Imekuwaje mwambao wenye kesi za ardhi kila kijiji uwe unatafuta mtu wa kuzisoma tu? Nimejaribu kulijibu kwa kufuata jambo jingine: sheria ilifundishwa wapi, na nani aliruhusiwa kukaa darasani.

Zamani haikuwa mbali. Kwa Waislamu wa pwani, shule ya sheria ilikuwa darsa la msikitini. Ulikaa mkekani mbele ya sheikh miaka mingi, ukasoma fiqhi ya Kishafii, Minhaji ya Imamu Nawawi ikiwemo, mpaka mwalimu aridhike nawe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alisomeshwa hivyo na masheikh wa Mombasa na Zanzibar. Wagiriama nao walikuwa na kambi, baraza la wazee wa kaya. Kijana alijifunza hukumu kwa kukaa karibu, kunyamaza na kusikiliza. Tusizipambe njia hizi kupita kiasi. Mwanamke, kwa mfano, hakuwa na nafasi ya kuhukumu katika yoyote kati yake. Lakini lugha ya hukumu ilikuwa lugha ya wenye kesi, na mwalimu ulimfikia kwa miguu.

Kisha ikaja 1908. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ardhi ya mwambao. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke mbele ya ofisa, kwa maandishi, kwa taratibu walizozijua wao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wengi wao hawakuwa na mlango katika utaratibu ule. Wajukuu wao ndio leo tunawaita maskwota. Mzee wangu wa bahasha ni mmoja wao.

Na wa kuwatetea angetoka wapi? Kuwa wakili Kenya wakati wa mkoloni kulihitaji kwanza meli. Ulisomea ng'ambo, Uingereza hasa, na serikali haikuwa na haraka ya kumpeleka Mwafrika akasome jambo litakaloisumbua baadaye. C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufuzu uwakili, alisomea Wales na London, akarudi miaka ya hamsini akawatetea washukiwa wa Mau Mau. Hofu ya wakoloni, ukitazama, ilikuwa na msingi.

Uhuru ulipokaribia, London yenyewe ikaona haya. Kamati ya Lord Denning kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika ilitoa ripoti yake 1961, na moyo wa ripoti hiyo ulikuwa kwamba sheria ya Afrika ifundishwe Afrika. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu: sheria. Wanafunzi 14, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mkuu wa kitivo, A.B. Weston, alijishughulisha hata na suala la istilahi za sheria za Kiswahili. Baadaye walimu kama Yash Ghai, mzaliwa wa Kenya, wakajenga desturi ya kuuliza sheria inamfaa nani, siyo kuikariri tu. Willy Mutunga wa Kitui alipita hapo. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wetu.

Nairobi ilifuata njia nyingine. Chuo cha Sheria cha Kenya kilianzishwa 1963, na mwanzoni kilikuwa cha wanagenzi. Kijana asiye na digrii aliweza kufungwa mkataba na wakili, akafanya kazi ofisini kwake kwa miaka kadhaa huku akihudhuria masomo, mwisho akafuzu. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Kumbe kulikuwa na mlango wa watu kama mimi!

Nilipotulia nikaona kasoro yake. Mwanagenzi lazima apate fundi wa kumpokea, na ofisi nyingi za mawakili zilikuwa za Wazungu na Wahindi. Mtoto wa Gede angebisha ya nani? Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua Kitivo cha Sheria mwaka 1970, digrii ikawa njia kuu, na ule mlango wa uanagenzi ukafifia. Tuliondoa ubaguzi wa kujuana tukaweka ubaguzi wa karo.

Leo ukimaliza digrii yako unaenda Karen, Nairobi, kwa mafunzo ya uwakili. Basi la usiku kutoka Malindi, kodi ya nyumba, ada, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kisha miezi sita ya uanagenzi, ambao wengi huufanya mifuko mitupu. Sheria ya 2012 ya chuo hicho inawadai baadhi ya waombaji alama ya B ya Kiingereza au Kiswahili. Yaani Kiswahili kinaweza kukufikisha mlangoni, lakini ukishaingia utakiacha hapo na viatu. Lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza.

Tusidhani majirani wamemaliza tatizo. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwaka uliofuata, katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, matokeo yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633. Serikali ikaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Wengine walilaumu vyuo vikuu, wengine shule yenyewe. Mimi naona swali lilelile la 1961: wakili hufundwa darasani au ofisini, na kwa ajili ya nani?

Wanaoongoza elimu ya sheria hubishana sana kuhusu alama za kuingilia. Wangebishana pia kuhusu umbali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Huo ni ufa mdomoni mwa mlango. Upanuliwe: msaidizi aliyekaa miaka mitano na kesi za Malindi na Kilifi, akiwa chini ya wakili, ahesabiwe miaka hiyo akitaka kusonga mbele. Haitakuwa zawadi. Mitihani afanye kama wengine.

Mzee wangu tulipanda naye matatu asubuhi iliyofuata hadi Malindi, tukapata wakili aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Jibu liliwasilishwa siku ya mwisho. Kesi bado inaendelea. Kila ikiahirishwa, mzee huja barazani kwetu na karatasi mpya, nami humtafsiria.

"Ungemaliza tu shule, mwanangu," huniambia. Huwa simjibu. Nachukua karatasi, naanza kusoma.