Mdudu Aliyeokoa Michungwa

Somo letu la leo ni la mdudu mdogo aitwaye kibibi. Bila shaka mmemwona bustanini: mgongo wake umevimba kama nusu ya choroko, na mara nyingi ni mwekundu mwenye madoa meusi. Wengi humponda, wakidhani anakula mboga zao. Sikilizeni kwanza yaliyotokea California, nchini Marekani.

Karibu na mwaka 1868 mdudu gamba wa kutoka Australia alionekana huko. Mdudu huyu hujibandika juu ya tawi akafyonza maji ya mti, na jike hubeba mfuko mweupe wa mayai, kama pamba. Michungwa ilinyauka. Wakulima walijaribu dawa nyingi, lakini hawakufua dafu. Wengine walikata miti yao wakaichoma.

Charles Riley, mtaalamu wa wadudu wa serikali, alijiuliza: mbona Australia kwenyewe mdudu huyu haangamizi miti? Lazima yuko adui amlaye. Basi mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa kumtafuta. Huko Adelaide alimwona kibibi akila magamba hayo pamoja na mayai yao. Akawasafirisha vibibi kwa meli. Wale 129 wa kwanza waliwekwa Los Angeles, kwenye mchungwa uliofunikwa kwa hema. Wakala, wakazaa, kisha hema likafunguliwa.

Kufikia katikati ya mwaka 1889, vibibi zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa wakulima zaidi ya 200. Mwaka huohuo michungwa ikaanza kupona.

Je, mambo yaliishia hapo? La. Katika miaka ya 1940 wakulima walinyunyiza DDT mashambani. Dawa ile iliwaua vibibi, na mdudu gamba akarudi kwa nguvu. Watu walikuwa wamemwua mlinzi wao kwa mikono yao wenyewe.

Nanyi mfanyeje? Wako vibibi wachache walao majani, kwa hiyo msihukumu kwa rangi. Geuzeni jani, mtazame anakula nini. Mkimwona kati ya vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao mboga, akiwala mmoja mmoja, mwacheni afanye kazi. Hataki mshahara.